Hadithi Isiyokatizwa

Elimu ya usonji, kwa namna inavyosomeshwa leo katika vyuo vya utabibu, ilianza kwa waraka wa mzazi. Mwaka 1938 mwanasheria mmoja wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, alitunga habari za mwanawe Donald, ambaye alikuwa akikaribia kutimiza umri wa miaka 5, zikapigwa taipu zikajaza kurasa 33, akazipeleka kwa Leo Kanner, tabibu mashuhuri wa akili za watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Alieleza katika kurasa hizo jinsi mtoto alivyokuwa na raha kubwa kabisa akiachwa peke yake. Jinsi alivyokuwa hamjali anayeingia nyumbani wala anayetoka. Jinsi alivyohifadhi Zaburi ya 23 na maswali 25 ya katekisimu pamoja na majibu yake, ilhali hakujifunza kuuliza wala kujibu swali la maongezi ya kila siku. Na jinsi alivyoshikwa na mapenzi ya kuzungusha sakafuni sufuria na kila kitu cha mviringo. Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wa namna hii katika miaka ya 1920, lakini wachache walimsoma. Makala ya Kanner ya mwaka 1943, juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ndiyo iliyoifungulia hali hii mlango wa vitabu vya udaktari. Na mtoto wa kwanza katika makala hiyo ni Donald, ambaye msomaji humwona kwa macho ya baba yake kabla ya kumwona kwa macho ya tabibu.

Nimeutanguliza waraka huu kwa sababu sanaa ninayokusudia kuisifu katika insha hii ni mrithi wake halali. Jina lake ni usimulizi wa kidijitali, nayo ni sanaa ya kutengeneza filamu fupi ya dakika 2 au 3, aghalabu isiyozidi 5, ambayo mwenye habari mwenyewe huitungia maneno, huisemea kwa sauti yake, huichagulia picha, kisha huketi mbele ya kompyuta au simu akaziunga sauti na picha hizo mpaka ziwe kitu kimoja. Hapana mtangazaji, hapana mwandishi wa habari anayeuliza na kufasiri, wala hapana mtaalamu anayejitokeza mwishoni kueleza maana. Filamu za namna hii zinapowekwa mbele ya wanafunzi wa udaktari, ili wajifunze usonji kwa wenye usonji wenyewe na kwa wazazi wao, hutendeka jambo ambalo mhadhara, pamoja na fadhila zake zote, hauwezi kulitenda. Na jambo hilo, kwa itikadi yangu, ni kwamba tabibu wa kesho hulazimika kusikiliza mpaka mwisho.

Asili ya sanaa hii inajulikana. Mwaka 1994 mjini San Francisco, Dana Atchley, msanii wa jukwaani ambaye alikuwa na desturi ya kusimulia visa vya maisha yake kando ya moto wa kuni uliokuwa ukiwaka ndani ya skrini, alishirikiana na Joe Lambert na Nina Mullen kuanzisha kituo cha kuwafundisha watu wa kawaida kutengeneza visa vyao. Kituo hicho kilihamia Berkeley baadaye, na siku hizi kinaitwa StoryCenter. Mpiga picha Daniel Meadows aliichukua sanaa hiyo akaipeleka Wales, ambako tangu mwaka 2001 hadi 2008 shirika la BBC liliwafundisha raia katika mradi wa Capture Wales, naye akaiwekea sheria ambayo naipenda kwa ukali wake: maneno kama 250, picha kama 12, na dakika 2 tu. Mwaka 2003 Pip Hardy na Tony Sumner wakaielekeza Uingereza kwenye matibabu kwa mradi wao wa Patient Voices, ambamo wagonjwa, jamaa zao na wahudumu wa afya wamesimulia mambo yaliyowapata, na wanafunzi wa kazi hizo wakawekewa filamu hizo kama somo.

Waswahili, ambao wamelelewa na ushairi wa vina na mizani, hawatastaajabu kusikia kwamba ufinyu wa kipimo ndio unaozaa uzuri wa kazi. Mtunzi aliyepewa mizani 8 na 8 hana nafasi ya neno la kujaza mstari, na msimulizi aliyepewa maneno 250 hana nafasi ya kulalamika, ya kujitetea, wala ya kuanza mbali. Hebu tumtazame mama mmoja akiwa kazini; simtaji kwa jina kwa kuwa ni mfano tu, lakini kila aliyewahi kuketi na wazazi wa watoto wenye usonji atamtambua. Anafika katika chumba cha mafunzo na habari za miaka 6: uchungu uliochukua siku mbili, homa ya mwezi wa nane, maneno machache aliyoyasema mtoto kisha akanyamaza, wifi aliyenong'ona, kliniki tatu na majibu matatu. Anaketi katika duara pamoja na wasimulizi wenziwe, kila mmoja akipewa zamu yake bila ya kuingiliwa, na anapomaliza kusema, mwalimu wa kazi hiyo hamshauri lolote, bali humwuliza swali moja tu: ni saa ipi, katika hayo yote, ambayo mambo yalibadilika?

Swali hilo ndilo linalofanya kazi yote. Mama anafikiri usiku kucha, na asubuhi anarudi na habari ya jagi la maji. Mwanawe, ambaye hanyoshi kidole wala haombi kitu, alikuwa na tabia ya kumshika mkono penye kifundo, akamvuta mpaka jikoni, akauweka mkono ule juu ya jagi bila ya kumtazama usoni hata mara moja, kana kwamba mkono haukuwa na mwenyewe. Kwa muda mrefu mama aliuona ujeuri katika kitendo hiki, na jirani aliuona upungufu wa malezi. Siku moja, akiwa amechoka mno hata kukasirika, aliuacha mkono wake ulegee ili aone mtoto atafanya nini nao, na mtoto akaubonyeza taratibu juu ya mpini wa jagi, akangoja. Hapo mama akafahamu kuwa alikuwa akizungumziwa, na kwamba alikuwa akizungumziwa kwa muda wote ule. Vitabu vya udaktari vinaitaja tabia hii. Wanafunzi huikuta katika orodha, imeandikwa kwamba mtoto huutumia mkono wa mtu mwingine kama chombo, huikariri pamoja na nyenzake, na huiandika katika mtihani wakapata alama zao. Mwanafunzi aliyekwisha kuusikia mkono ule ukilegea hataisoma tena orodha kama alivyoisoma mwanzo.

Kisha zinakuja kazi za mikono, ambazo nazipenda kama apendavyo mtu kumtazama seremala akipiga randa. Kurasa tisa zinakatwa zikabaki moja na nusu. Wifi anaondoka, kliniki mbili zinaondoka, uchungu wa siku mbili unabaki kwa maneno manne. Mama anaingia katika chumba kilichotandikwa mablanketi ukutani ili kisirudishe mwangwi, anasoma mbele ya kipaza sauti, na penye neno "akangoja" sauti yake inakwama kidogo. Anaulizwa kama angependa kurudia, anajisikiliza, anasema iachwe vivyo hivyo. Anapofika kwenye picha anakataa kuuweka uso wa mtoto. Anaweka jagi lenyewe, la plastiki ya buluu, limechubuka mdomoni; anaweka kifundo chake cha mkono; anaweka mlango wa jikoni ulio wazi; na penye neno lile lililokwama haweki kitu, isipokuwa jagi libaki skrini kwa muda mrefu kuliko mtazamaji alivyotazamia. Hukumu hizi ndogondogo, za kukata, kuacha, kungoja na kuficha, ni hukumu za msanii, na mama yule amezitoa mwenyewe.

Sasa na tuingie katika chumba cha wanafunzi. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 baina ya wagonjwa na madaktari wao, wakaonyesha kwamba daktari humkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake, na kwamba katika mazungumzo hayo 74 ni wagonjwa 17 tu walioachwa wakamaliza kauli yao ya mwanzo. Siwalaumu madaktari kwa ukali, maana foleni mlangoni ni ndefu na kila mmoja wao amefundishwa kuuliza upesi. Lakini katika habari za usonji haraka hii ina madhara makubwa kupita kiasi, kwa sababu usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kuudhihirisha. Utambuzi wake umesimama juu ya miguu miwili tu, mmoja ni kumwangalia mtu mwenyewe kwa subira, na wa pili ni masimulizi ya wale wanaoishi naye. Daktari anayeyakatiza masimulizi hayo ameuvunja mguu mmoja kwa mkono wake.

Filamu haikatiziki. Hiyo ndiyo fadhila yake ambayo naiona kuu, nayo ni fadhila ya kimya kimya ambayo wasifiaji wengi huipita kwa sababu wameshughulika kusifu picha na muziki. Mwanafunzi aliye na swali mdomoni katika sekunde ya 18 hana wa kumwuliza. Lazima alishike swali lake, na akilishika mpaka dakika ya tatu huliona limejibiwa, au limegeuka kuwa swali jingine lililo bora. Mzazi aliyerekodiwa haogopi uso wa daktari, hapunguzi maneno kwa kuona kalamu inachezacheza mezani, hasemi "basi" kabla ya wakati wake. Mwanafunzi hujifunza urefu halisi wa kauli ya mtu, na huona kwa saa yake kwamba kauli hiyo, ambayo aliiogopa kuwa itakula asubuhi nzima, imechukua dakika tatu tu.

Wenye usonji nao wameitumia sanaa hii, na mmoja wao ameitumia kwa namna ambayo hadi leo naiona haijapitwa. Mwezi wa Januari mwaka 2007 Mel Baggs, Mmarekani mwenye usonji ambaye alikuwa akizungumza kwa kuandika, alitoa filamu isiyotimiza dakika 9, ambayo jina lake ni In My Language, yaani Kwa Lugha Yangu. Imevuka kipimo cha Meadows, nami namsamehe, kwa kuwa urefu ule una kazi. Kwa dakika za mwanzo hapana neno hata moja. Mtu amesimama mbele ya dirisha, amewapa watazamaji kisogo, anayumba mbele na nyuma, anapepesa mikono, anaghuni sauti ndefu isiyo na maneno. Kisha vidole vyake vinachezea maji yanayotiririka bombani, uso wake unasuguliwa kwenye kurasa za kitabu kilichofunguliwa, na mkono wake unavipapasa vitu vya nyumbani kimoja baada ya kingine. Mwanafunzi wa udaktari, ambaye amefundishwa kutafuta dalili, ana nafasi ya kutosha ya kuziandika zote. Halafu linatokea neno moja la kutangaza kwamba inayofuata ni tafsiri, na sauti ya mashine, inayosoma maandishi ya Baggs, inaanza kueleza. Inasema kwamba yale ya mwanzo yalikuwa ni lugha yake. Kwamba maji yale hayakuwa ishara ya kitu chochote, bali yeye na maji walikuwa wakijibizana. Na kwamba watu humhesabu yeye kuwa hana mawasiliano kwa kuwa hajaijua lugha yao, ilhali wao hawajihesabu kuwa na upungufu kwa kutoijua yake.

Baggs alifariki mwaka 2020, na filamu ile ingali inafundisha. Ustadi wake umo katika mpangilio: lau tafsiri ingalitangulia, mtazamaji angaliyatazama yale matendo kwa huruma na angaliridhika na nafsi yake; lakini kwa kuwa matendo yametangulia, kila mtazamaji amekwisha kuhukumu moyoni kabla hajafahamishwa, na anapofahamishwa hana pa kuificha hukumu yake. Hakuna mwalimu anayeweza kumwambia mwanafunzi jambo hili kwa maneno na likamwingia. Sharti alipate yeye mwenyewe, kwa wakati wake, katika giza la ukumbi, bila ya kuaibishwa mbele ya wenzake.

Historia ya usonji ina sura moja ya dhuluma ambayo kila mwanafunzi anastahili kuijua, nayo inaonyesha kinachotokea pale mtabibu anapolitwaa simulizi la mzazi kisha akamgeuzia mzazi huyohuyo. Kanner, aliyefaidika kwa waraka wa baba yake Donald, ndiye huyohuyo aliyeandika baadaye juu ya ubaridi wa wazazi. Na mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiendesha shule ya watoto huko Chicago, alichapisha kitabu kilichoeneza dhana kwamba mtoto hujifungia nafsini mwake kwa sababu ya mama asiyempenda. Mama wangapi waliibeba hatia hiyo, ilhali walikuwa wakikesha? Dhana hiyo ilipingwa na wazazi waliokuwa wataalamu: Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliyeandika kitabu cha kuipinga mwaka 1964, na Lorna Wing, tabibu wa London na mama wa binti mwenye usonji, aliyekuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha mwaka 1962 chama ambacho sasa kinaitwa National Autistic Society. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaondolea lawama. Ilichukua zaidi ya miaka 25 kurudi pale waraka wa kurasa 33 ulipokuwa umeanzia.

Wala madhara ya kutosikiliza hayakuishia katika lawama. Mwaka 2016 nchini Uingereza kijana wa miaka 18, Oliver McGowan, mwenye usonji na kifafa, alilazwa hospitali, akapewa dawa ya akili ambayo yeye mwenyewe na wazazi wake walikuwa wamekwisha kusema asipewe kwa kuwa dawa za jinsi hiyo zimemdhuru zamani, akafa. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2020 ulisema kwamba kifo hicho kingaliweza kuepukwa. Mama yake, Paula, hakunyamaza. Aliisimulia habari ya mwanawe mbele ya umma na wabunge, mpaka sheria ya mwaka 2022 ikawalazimisha wanaotoa huduma za afya na malezi nchini humo kuwafunza wafanyakazi wao juu ya usonji na ulemavu wa kujifunza, na mafunzo yaliyotungwa kwa ajili hiyo yanaitwa kwa jina la kijana huyo. Watu wenye usonji ni miongoni mwa wanaoyafundisha. Habari moja, iliyosimuliwa na mwenye haki ya kuisimulia, imeingia katika sheria ya nchi.

Nirejee kwetu, ambako sanaa hii ina haja iliyo kubwa zaidi na ya namna yake. Mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam au Nairobi husomeshwa kwa Kiingereza. Dalili za usonji huzijua kwa Kiingereza, huulizwa kwa Kiingereza, hujibu kwa Kiingereza. Halafu anapelekwa wodini au katika kliniki ya watoto, ambako mama anamwambia kwamba mwanawe akiitwa hageuki, kwamba anavipanga viatu mstari mmoja na kulia vikiguswa, kwamba anaziba masikio pikipiki ikipita, kwamba ukimwambia "njoo ule" naye anakujibu "njoo ule". Kila neno la mama ni dalili iliyo timamu, lakini haikuvaa nguo ambazo mwanafunzi anazifahamu, naye huipita bila ya kuisalimu. Filamu ya dakika tatu kwa Kiswahili cha mama, cha Kilifi au cha Tanga au cha Mwanza, humpa mwanafunzi masikio ya kazi yake kabla hajakabidhiwa mtoto wa mtu.

Fauka ya hayo, kuna mambo ambayo mama hamwambii daktari kabisa. Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 uchunguzi juu ya mitazamo ya wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu usonji, nao walikuta kwamba katika sababu zilizotajwa walikuwamo pepo wabaya, uchawi na laana, zikiwa bega kwa bega na maradhi ya kuambukizwa, matatizo ya uzazi na urithi wa damu. Na tiba nazo zilichanganya waganga, maombi na hospitali. Mzazi aliyepita kwa mganga kabla ya kufika kliniki hulificha jambo hilo anapoona paji la uso la daktari limekunjamana, na pamoja nalo huficha mwaka mzima wa maisha ya mtoto. Katika filamu yake mwenyewe hana wa kumkunjia uso, kwa hiyo huusimulia mwaka ule, na mwanafunzi hufahamu kwamba njia ya kwa mganga ilikuwa njia ya mzazi anayetafuta, na kwamba aliitembea kwa miguu ileile iliyomleta hospitali.

Sanaa hii inataka hadhari, na mtu anayeisifu bila ya kutaja hadhari zake ameikosea adabu. Hatari ya kwanza ni kwamba filamu hugeuka kinanda cha kuliza watu: muziki wa huzuni, uso wa mtoto, machozi, kisha wanafunzi wanatoka wakiwa wamejaa huruma na hawajajua kitu zaidi ya walivyojua walipoingia. Kwangu filamu inayoliza bila ya kuonyesha jambo moja jipya imeshindwa, hata ikipigiwa makofi. Hatari ya pili ni nzito zaidi. Mtoto ambaye hajaweza kutoa idhini atakuwa mtu mzima siku moja, na picha iliyokwisha kusambaa hairudishwi. Rai yangu katika hili ni kali, nami sitaipunguza: mzazi asimulie habari yake yeye, hofu yake, kosa lake na fahamu yake, na amwachie mtoto habari ya mtoto, aje aisimulie au aikatae kwa hiari yake. Ndiyo maana nikamsifu yule mama wa mfano kwa kuliweka jagi pahala pa uso. Kadhalika msimulizi hana budi kuwa na haki ya kuiona kazi ikiwa imekamilika na kusema ndiyo au hapana kabla haijatoka, kama walivyoweka wazi Hardy na Sumner katika kazi yao. Idhini ya mwanzo peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu hajui atasema nini mpaka amekwisha kusema.

Tena tusisahau watu wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji, na hesabu hiyo ni ya watu wa umri wote. Lakini katika mihadhara na mabango usonji huvishwa sura ya mvulana mdogo. Mwanafunzi anastahili kumsikia mwanamke wa miaka 40 akieleza jinsi taa nyeupe za mirija katika chumba cha kungojea zinavyomchoma macho, jinsi majina yanayoitwa kwa kelele yanavyomchanganya mpaka akalisahau lake, na jinsi anavyoondoka bila ya kutibiwa ugonjwa uliomleta, ambao pengine haukuwa na uhusiano wowote na usonji: jino, tumbo, mimba. Tabibu atakayemtibu mtu huyo vizuri si lazima awe bingwa wa akili. Ni daktari wa meno aliyepunguza taa, ni mkunga aliyeeleza atakachofanya kabla ya kugusa.

Filamu inapokwisha, mwalimu mwenye busara hawashi taa mara moja wala hafungui kitabu. Swali lake la kwanza ni "Mmesikia nini?" na wanafunzi wanapoanza kutaja majina ya maradhi huwarudisha kwa upole kwenye walichokisikia: mkono, mpini, kungoja. Majina yatakuja baadaye, nayo yana mahali pake. Na ikiwa ratiba inaruhusu, huwataka wanafunzi nao watengeneze filamu ya maneno 250 juu ya saa moja ambayo wao wenyewe walisikilizwa au walikosa kusikilizwa, kwani aliyehangaika kuyapunguza maneno yake mwenyewe mpaka 250 ataiheshimu kauli ya mgonjwa.

Nawaomba, basi, walimu wa utabibu wa Muhimbili, wa Nairobi, wa Makerere na wa vyuo vingine ambavyo matabibu wake watahudumia watu wa Kiswahili: simu iliyo mfukoni mwa kila mwanafunzi inatosha kurekodi, mablanketi manne yanatosha kutuliza chumba, na programu za kuunga picha na sauti zapatikana bure. Tengeni siku tatu katika mwaka wa masomo. Waiteni wenye usonji wanaotaka kusimulia, kwa sauti au kwa maandishi, na wazazi wanaotaka kusimulia habari zao. Walipeni nauli na ujira kama mnavyomlipa mhadhiri yeyote mgeni. Waachieni kalamu, picha na neno la mwisho. Na katika ratiba ya somo, pale panapoandikwa jina la mwalimu, andikeni majina yao.